Nilimlilia samurai, wakamlilia mume wangu

Marafiki, leo mume wangu ameliliwa msiba akiwa hai, na aliyeanza ni mimi!

Mnajua ile michezo ya simu ya Kijapani, unachagua samurai wa kupendana naye? Wangu aliniaga, akaenda vitani, akafa.
Nikalia kwa sauti.

Mama mkwe alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaacha mchi.
“Ni Dani? Shimo imeanguka?”

Dani, mume wangu, anachimba shaba kule mgodi wa Mashamba. Kabla sijajibu, mama alishajitupa chini. Majirani wakaingia wakilia.

“Mama, ni mutu wa mu telefone tu!”

Jirani mmoja akacheka: “Dani akisikia, atavunja ile telefone!”

Mama hakucheka. Shimo lilishamchukua mwanawe wa kwanza.
“Mutoto yangu,” akasema polepole, “bwana akiwa mu shimo, bibi halii. Machozi inaita kifo.”

Dani amerudi mzima, mwekundu kwa vumbi, mzuri kuliko samurai wote! Mama akamshika uso kwa mikono miwili, asimwachie, hata chakula kikapoa.

Kesho alfajiri anashuka tena.
Nyinyi wake wa wachimbaji, machozi yenu mnayaweka wapi?