Nilitoa propela ya RAV4 yangu nikaendelea kuiita jeep: yaliyonikuta njia ya Mwenga

Wakuu, salamu kutoka Bukavu. Leo umeme umerudi hapa Bagira tangu asubuhi, nikasema niutumie kuandika kitu ambacho nimekibeba kifuani muda mrefu.

Sitaongeza chumvi na sitajitetea. Majina ya watu tu ndiyo nimebadilisha. Kiswahili changu cha Congo mtakivumilia, na Kifaransa kikinitoka mnisamehe.

Nimesoma nyuzi nyingi humu kuhusu kuinua vigari vya AWD ili vimudu njia mbaya. Ushauri mwingi ni mzuri. Ila kuna jambo moja sijaona mtu akiligusa.

Gari yangu ni RAV4, ile ambayo kwa kawaida inavutwa na tairi za mbele, halafu mbele zikiteleza za nyuma nazo zinaingia kazini. Kwenye dashboard ina kibonyezo cha LOCK. Ukikibonyeza, mbele na nyuma zinavuta pamoja.

Niliipenda hiyo gari kuliko inavyostahili kitu cha chuma. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba watoto wetu wanaogeshwa mara moja kwa siku, RAV4 mara mbili.

Kwanza niliweka spacer za spring, ikapanda juu. Nikavalisha tairi za AT zenye meno makubwa. Fundi akanichomelea bamba la chuma chini ya injini, maana barabara zetu zina mawe ambayo hayaombi ruhusa.

Baadaye nikaingia kwenye urembo. Galerie ya kubebea mizigo juu ya paa, taa ndefu ya mbele, na snorkel, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu gari inapovuka maji. Wakuu, snorkel yenyewe ilikuwa imegundishwa tu pembeni, haikuunganishwa popote. Gari ikiingia mtoni ingekunywa maji kama nyingine yoyote. Lakini nikipita Nyawera, katikati ya mji, wenye pikipiki walinipisha, na mimi nikavimba kichwa.

Sasa mjue, huku kwetu gari yoyote iliyo juu kidogo inaitwa jeep. Hatuulizi imetengenezwa wapi wala inavuta na tairi ngapi. Ukiwa nayo, wewe ni mwenye jeep, na watu wanakutegemea kama mwenye jeep.

Kijiji chetu kiko njia ya Kamituga, ukishapita Mwenga-centre unaacha barabara kubwa na kupanda kilima. Huko Papa, baba yangu, alishatangaza kwa kila mtu kwamba mwanawe wa Bukavu ana jeep. Nilivikwa kilemba cha ukoka, nami sikukivua.

Shida ilianza baada ya kuinua. Gari ikawa inatetemeka ikishika kasi. Nikaipeleka kwa fundi wangu, tumwite Maître Déo. Akaingia chini, akatoka anafuta mikono.

Kwa ambao hawajui, chini ya gari kuna chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka mbele kwenda tairi za nyuma. Ninyi mnakiita propela, mafundi wetu wanasema arbre. Kwa sababu niliinua gari, kile chuma kilikaa vibaya kikawa kinapiga kelele.

Maître Déo akaniambia, "Tuitoshe iyi arbre. Itaacha kutetemeka, na essence itakunywa kidogo. Mu ville, nyuma iko inakusaidia nini? Siku unaenda brousse, kule mu vijiji, uniletee gari, naiweka. Hata saa moja haiishe."

Hapa Bukavu wanaofanya hivyo ni wengi. Ukichungulia chini ya hizi jeep za mjini, nyingi hazina kitu. Na fundi hakunidanganya, alinieleza wazi kabisa.

Nikakubali. Akaitoa, akaiviringisha ndani ya gunia, akaiweka nyuma ya garage yake.

Kuanzia siku hiyo gari yangu ikawa na meno makubwa pande zote nne na nguvu mbele tu. Tukajua watu wawili, mimi na Déo. Hata mke wangu sikumwambia. Ningeanzaje, baada ya kujisifu kote kule?

Miezi ikapita. Mjini haikunisumbua hata siku moja.

Halafu asubuhi moja, msimu wa mvua, kaka yangu akanipigia. Tumwite Yaya Wilondja. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, na yeye ndiye mkubwa wetu, anaishi kijijini, ndiye aliyekuwa anamtunza Papa.

Papa alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Alizoea kuisukuma ndani kwa mkono na kuendelea na kazi zake za shamba. Usiku huo ilitoka ikagoma kurudi. Tumbo likavimba, akaanza kutapika. Muuguzi wa centre de santé, zahanati ya kijiji, akasema apasuliwe siku hiyo hiyo, wampeleke hospitali ya Mwenga-centre.

Kwenye pikipiki asingeweza kukaa. Lakini kwetu watu wana njia yao. Mgonjwa analazwa kwenye kipoyi, machela ya miti na kamba, wanaume wanapokezana mabega mpaka wafike. Wazazi wetu wamebebwa hivyo, na wengi wamepona hivyo.

Yaya akaniambia, "Banaume kumi na mbili iko hapa, kipoyi iko tayari. Tumubebe tuende?"

Wakuu, hapa ndipo pa kunihukumu.

Nikamjibu, "Hapana Yaya. Kipoyi itamutingisha sana, ataumia. Mumungojeshe. Niko nakuya na jeep."

Akasema, "Aksanti, ndugu yangu." Nikasikia akiwageukia wale wanaume na kuwaambia waende shamba, jeep inakuja.

Nilipokata simu nilikwenda moja kwa moja kwa Maître Déo. Garage imefungwa. Nikampigia, yuko msibani Kabare, akaniomba nimsubiri mpaka mchana ashuke aniwekee.

Nilikaa ndani ya gari mbele ya ule mlango uliofungwa, nikajiuliza nimsubiri ama niende. Ningeweza pia kumpigia Yaya tena na kumwambia, wambebe, msiningoje. Maneno mawili tu. Lakini angeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema kwamba jeep si jeep.

Nikajiambia tairi ni nzuri, gari imeinuliwa, nitafika. Nikawasha.

Barabara kubwa ilikuwa mbaya lakini nilipita. Malori mawili yalikuwa yamezama, nikayakwepa pembeni, na nakiri nilijisifu kidogo moyoni. Mpaka Mwenga-centre nilishaanza kuamini kwamba hata bila arbre mimi ni dereva.

Mvua ikanikuta pale njia yetu inapoacha barabara. Kile kilima si kirefu. Ni udongo mwekundu, ukilowa unakuwa kama sabuni.

Nikabonyeza LOCK. Taa yake ikawaka vizuri kabisa, maana ile taa haijui kilichotolewa chini. Nikapanda. Katikati tairi za mbele zikaanza kuzunguka bure, gari ikateleza ikalala na tumbo lake kwenye ukingo.

Nilifanya yote ambayo mnashauriana humu. Nilipunguza upepo wa tairi. Nikaweka mawe, nikakata matawi, nikatandika mpaka mazulia ya gari. Mbele zinazunguka, zinarusha matope. Nyuma zimetulia tuli, meno yake masafi.

Akapita mwenye pikipiki anayetoka Kamituga. Akasimama kunisaidia kusukuma, halafu akainama akatazama.

"Mukubwa, nyuma haivute hata kidogo. Iko na panne, imeharibika?"

Nikamwambia, "Ni matope tu."

Akanitazama, akatazama tena tairi za nyuma. Pale kilimani simu haikushika, nikamwomba apande kijijini awaambie wamshushe Papa, mimi nimekwama.

Wale wanaume walikuwa wametawanyika mashambani, mwingine upande wa pili wa mto. Mpaka wakakusanyika, saa zikapita. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipowaona wakishuka na kipoyi, wamevua viatu ili wasiteleze. Yaya alikuwa mbele.

Walimweka Papa chini kwenye majani, wakaja kusukuma gari kuigeuza. Papa alikuwa amebadilika rangi. Kijana mmoja aliyelowa mpaka kichwani akanung'unika kwamba jeep gani hii, hata kilima haipande.

Papa alimsikia. Kwa sauti ndogo sana akamwambia, "Usiseme mubaya gari ya mutoto wangu. Ni njia iko mubaya."

Wakuu, sijui niandike nini hapa. Nilikuwa nimeinama nyuma ya gari najifanya nasukuma, nikalia.

Kushuka haikuwa shida. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Yaya. Njiani alipapasa mlango kwa kiganja, akasema, "Iko juu. Unaona mbali." Hiyo ndiyo sentensi yake ya mwisho kwangu.

Hospitalini walimpokea vizuri. Daktari aliuliza tu ilianza saa ngapi, Yaya akajibu, daktari akatazama saa yake na kwenda kunawa. Walimpasua. Utumbo ulikuwa umeshaoza. Alfajiri akatuacha.

Sitasema kwamba kipoyi kingemwokoa. Huenda angefia njiani juu ya mabega ya watu. Lakini wangeondoka asubuhi, na kufikia mchana angekuwa mezani kwa daktari. Hesabu hiyo naipiga kila siku, na kila siku inatoka vilevile.

Mazikoni Yaya alisimama kusema kwa niaba ya familia. Akasema, "Barabara ndiyo imetuulia Papa." Watu wakaitikia kwa uchungu. Wakasema serikali imetusahau, wakasema barabara inamaliza watu, na yote hayo ni kweli, wakuu, mnayajua.

Na mimi nikatikisa kichwa pamoja nao.

Kuna methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu haikwenda hivyo. Mimi ndiye niliyeficha, kifo kikapita pembeni yangu kikamchukua aliyekuwa ananitetea.

Niliporudi Bukavu nikaenda kwa Maître Déo. Arbre ilikuwa pale pale ndani ya gunia. Akashusha zile spacer, akabadilisha kipande cha mpira katikati, akaifunga. Alipoanza kuifunga niliagiza chai kwa mama wa jirani, na alipomaliza bado ilikuwa ya moto.

Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, Yaya akaja mjini kununua mchele, mafuta na vitenge. Tukapakia, tukaondoka wote wawili. Mvua ilinyesha njia nzima.

Tulipofika kwenye kile kilima, udongo ulikuwa ule ule na maji yanashuka katikati ya njia. Na safari hii tulikuwa na mzigo. Nikabonyeza LOCK.

Ikapanda. Haikupiga kelele, haikuteleza, ilitambaa mpaka juu bila mtu kusukuma. Wakuu, niliomba ikwame. Namaanisha nilimwomba Mungu ikwame, nipate kuamini kwamba ilikuwa ni matope kweli.

Yaya akageuka kutazama kilima, akasema, "Leo njia iko muzuri."

Haikuwa nzuri. Nikasimamisha gari pale juu nikazima injini. Nikamweleza kila kitu: mtetemeko, gunia, mlango wa Déo uliofungwa, na taa iliyowaka bure.

Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Wakati nilikupigia telefone, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Yaya."

Akafungua mlango, akachukua kofia yake, akashuka. Alitembea kwa miguu mpaka kijijini kwenye mvua, na mimi nikabaki na usukani mpaka nilipoacha kumwona.

Nilidhani atawaambia watu wote. Nilijiandaa kwa hilo, na ningelistahili.

Kesho yake kwenye matanga, mjomba wetu mmoja, noko kama tunavyosema kwetu, alisimama akaanza ile hotuba ambayo sote tunaijua, barabara imefanya hivi, barabara imetuulia mzee wetu. Yaya alikuwa ameketi karibu na Mama. Hakuinua kichwa.

Akasema, "Noko, tuache barabara."

Basi. Mjomba akakaa, hakuelewa. Wimbo ukaanzishwa. Katika watu wote wale aliyeelewa ni mimi peke yangu.

Mpaka leo Yaya ananisalimia, anauliza habari za watoto, simu zangu anapokea. Lakini akija Bukavu anakuja juu ya lori la mizigo, na akirudi anarudi hivyohivyo. Sijawahi kumwambia apande kwangu.

Nilichojifunza si ufundi, ingawa ufundi nao mnaweza kuuchukua. Toa propela ukitaka, gari ni yako na mafuta ni yako. Ila siku hiyohiyo waambie mke wako, ndugu zako na mzee wako kijijini kwamba gari yako haiwezi kilima, ili siku ya shida wasiwarudishe wanaume shambani kwa ajili yako.

Mama bado hajui. Anaendelea kuniombea mimi na jeep yangu kila nikimpigia. Wanaoona nimwambie waseme, na wanaoona nimwache aendelee kuamini ni barabara waseme pia. Hata matusi nitayasoma mpaka mwisho.