Makofi ya Mama Sindano

Mama Sindano, fundi cherehani, aliujua muziki wa okestra kupitia mlango uliofungwa tu. Mumewe akishaingia chumba cha pili na kuanza kupiga selo, ile fidla kubwa inayobanwa katikati ya magoti, yeye ilimbidi aondoe mguu kwenye pedeli, kwani cherehani eti inapiga kelele. Magauni ya watu yakalala mezani, wateja wakamwona mvivu. Kwamba chakula cha nyumba hiyo kilitoka kwenye kelele hizo, hilo halikutajwa.

Alipouliza, "Baba watoto, huo muziki unasema nini?" jibu lilikuwa lile lile: "Utaelewa wapi wewe?" Penye miti hapana wajenzi.

Kisha mzee akaanzisha darasa la wageni wa muziki huo, Jumamosi mchana. Tangazo likabandikwa hadi kwenye duka la vitambaa: "Huhitaji kujua chochote. Njoo na masikio yako." Mama Sindano akalisoma, akalirudia. Masikio alikuwa nayo. Akavaa gauni alilojishonea kwa harusi ya binti yao, akaenda kuketi safu ya nyuma. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe amweleze, hata kama ni pamoja na watu baki.

Kumbe mtu yule anaweza kuwa mtamu! Alitania, alicheka. Aliwaonyesha jinsi sauti nene inavyouliza na nyembamba inavyokwepa kujibu. Muuza viatu mmoja akauliza swali la ovyo kabisa, akasifiwa. Kisha mwalimu na wenzake watatu wakapiga. Sehemu ya kwanza ilipokoma, Mama Sindano, machozi yakimlengalenga, akapiga makofi. Peke yake.

Mumewe akainua macho, akamwona. Moyo wa mama wa watu ukaruka: sasa atasema, huyu ni mke wangu.

"Mama pale nyuma," akasema kwa upole ule ule wa wageni, "karibu sana. Ndiyo mara yako ya kwanza, eh? Usione haya. Kazi hii ina sehemu nne. Tunangoja iishe yote, ndipo tunapiga makofi."

Watu wakacheka bila ubaya. Muuza viatu akamnong'oneza, "Usijali mama, hata mimi mikono iliniwasha."

Jioni mzee alirudi na hasira zake, akakuta cherehani imefungwa kamba, iko mlangoni pamoja na mkoba.

"Umekuja kuniaibisha mbele za watu! Na hiyo cherehani inakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Kisa makofi?"

Mama Sindano alisimama mbele yake, akainua mikono, akampigia makofi polepole mpaka yeye mwenyewe akaridhika.

"Mchana niliharakisha," akasema. "Sasa imeisha."