Mjukuu Wangu Ndani ya Mtungi wa Hewa

Majina ninayo yote, ya kocha na hata ya msichana aliyegongana na mjukuu wangu. Siyaandiki. Wangali hai, na kosa kubwa lilikuwa langu.

Mjukuu wangu alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya sekondari, hapa Kilosa. Siku hiyo walikwenda kucheza Mikumi. Akaruka kudaka mpira, wakagongana, kichwa chake kikapiga nguzo ya goli. Wakammwagia maji, akasimama, watu wakapiga makofi, akacheza hadi filimbi ya mwisho. Walirudi wakiimba.

Kesho yake asubuhi alinipita uani kimya.

"Wewe! Umeshinda Mikumi ndiyo tumekuwa rika moja?"

Akaniangalia tu, macho mazito. Nikaona hiki ni kiburi cha mpira. Kwangu mimi, mtoto asiyetoa shikamoo hapewi chai, anapewa kazi kwanza. Nikamtwisha ndoo, nikamwambia asipumzike mpaka pipa lijae. Akaenda mara tatu. Mara ya nne alianguka njiani akatapika, na wanawake wa bombani wakamleta wamemshika makwapa.

Hospitali wakasema ubongo umetikisika, alitakiwa kupumzika tangu pale uwanjani. Daktari akauliza, "Baada ya hapo alifanya kazi yoyote nzito?" Nikasema hapana. Mungu anisamehe, mbele ya mtoto mwenyewe nikasema hapana. Naye akainamisha kichwa. Nikadhani ananisitiri.

Miezi ikapita. Mwanga unamuumiza, kelele zinamuumiza, akifungua kitabu herufi zinamkimbia. Na yeye alitaka kusomea uuguzi! Mimi niliomba kitu kimoja tu, arudi darasani. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam akasikia kuna hospitali yenye mtambo wa oksijeni, ule wanaotibiwa nao wapiga mbizi. Tukaenda.

Asubuhi ya kwanza nikamsuka, nikampaka mafuta ya nazi toka utosini hadi miguuni. Nesi alipomgusa akashtuka.

"Bibi, nani kampaka mtoto mafuta?"

"Mimi. Ulitaka nimlete mbele za watu amepauka kama hana kwao?"

"Humo ndani ni oksijeni tupu, bibi. Mafuta yanaweza kushika moto."

Kusikia moto, nikamfumua nywele kwa mikono yangu, nikamsugua kwa sabuni. Zamu yetu ikatupita siku hiyo.

Daktari wa pale hakunidanganya. "Wapo wanaosema wamepata nafuu, bibi, ila kwa maumivu ya namna hii bado hatuna uhakika. Tusimwahidi kitu." Nikamwambia amwingize.

Ni kama mtungi mkubwa uliolazwa, una kioo. Hewa inasukumwa ndani mpaka masikio yanaziba, inabidi ameze mate. Nilikaa nje nikitazama koo lake likipanda na kushuka. Kupitisha muda nikawataja moyoni watu wa Kidete, nilikozaliwa, nyumba kwa nyumba, walio hai na waliozikwa. Kila siku kijiji kiliisha kabla hawajamfungulia.

Siku ya mwisho nikamwomba radhi kwa ile ndoo.

"Ndoo gani, bibi?"

Hakuwa ananisitiri. Hakukumbuka.

Kichwa kilipungua kuuma, usingizi ukarudi. Kama ni ile hewa au ni siku zenyewe kupita, daktari hakuweza kusema. Akarudi shule, akakaa siku tatu. Ya nne alirejea saa nne asubuhi, kiganja kimefunika macho.

"Bibi, ubao unaelea."

Mkuu wa shule akasema akae nyumbani kwanza, na hakutaja mpaka lini. Pale shuleni kila mwanafunzi huja na kiti chake, basi nikaenda mwenyewe kukichukua. Wenzake walitaka kunibebea, nikakataa. Nilipita njia ya nyuma ya nyumba, nikakiingiza chumbani kwangu, nikakifunika kwa magunia asikione.