Gusa Sikio

Kabla sijajua kwamba mtoto ana haki, nilijua ana sikio. Siku hizi vijana wa ustawi wa jamii huja kanisani kwetu kutufundisha habari za haki za watoto, na sisi wazee huketishwa mbele tukipiga makofi. Wanasema vizuri. Wakifika pale kwenye haki ya mtoto kulelewa pamoja na ndugu zake, mimi huangalia dirishani, nikiomba wamalize haraka twende tukanywe chai.

Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu, huko juu ya bonde la Subukia, ambako pareto ilichanua karibu mwaka mzima na watoto waliichuma pamoja na wakubwa. Hakuna kati yetu aliyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Mtoto akitaka kuingia shule ya shamba, chumba kimoja cha mabati karibu na zizi, mwalimu alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Akifika, anaingia. Asipofika, arudi kwao akaongeze ugali.

Kwa hiyo kila Jumapili, akishatuogesha kwenye karai, mama alitupima mlangoni, mimi na mdogo wangu wa kiume. Kuinamisha shingo kulikuwa marufuku. "Kichwa wima," alisema. "Shule haitaki wezi." Mimi vidole vilikuwa vimekaribia. Mdogo wangu mkono uliishia utosini, akalia kila mara, na mama akamfuta kamasi akimwambia, "Bado kidogo. Bado kidogo tu." Siku ambayo ningefika, mama aliniahidi, angenishonea gauni la shule kwa kitambaa cha gunia la unga, tena angelitia rangi.

Halafu Hali ya Hatari ya serikali ya mkoloni ikafika mpaka kwetu, watu wa kabila letu wakaanza kukamatwa. Baba alitangulia kuchukuliwa, akapelekwa kizuizini. Mama alichukuliwa asubuhi moja pamoja na wanawake wengine waliokuwa wakichuma pareto, wakapandishwa lori warudishwe rizavu, ardhi iliyotengewa kabila letu, na hakuna aliyewauliza kama wana watoto. Aliniona nikikimbia kando ya lori. Hakulia. Alipaza sauti tu, "Mshike ndugu yako! Usimwachilie!"

Nikamshika. Nilikwenda naye mtoni, nikalala naye, nikachuma pareto yeye akiwa nyuma yangu ameng'ang'ania nguo yangu. Jirani yetu, mama wa kabila jingine aliyeachwa shambani kwa sababu hiyo tu, alitugawia uji wake ingawa watoto wake nao hawakushiba. Katikati ya mistari ya pareto nilifanya zoezi la mkono, maana niliamini mama atarudi, na nilitaka anikute nimefika.

Ndipo wakaja watu wa msaada, memsahibu mmoja wa kutoka mjini na karani wake. Jirani alituambia kuna nyumba Nakuru ya watoto walioachwa bila wazazi, wanapewa maziwa, blanketi na shule. Alituosha nyuso, akatupeleka mbele ya stoo, tukapangwa foleni. Karani akapaza sauti, "Kila mtoto aguse sikio!"

Jamani, furaha niliyoisikia! Nilipitisha mkono, kichwa wima kama mama alivyotaka, na vidole vikalishika sikio, sikio zima, hata nikalivuta ili waone vizuri.

Memsahibu hakuniangalia usoni. "Hii kubwa," alisema. "Hii nabaki, nafanya kazi." Kisha mdogo wangu akajaribu, vidole vikaishia juu ya sikio. "Hii toto. Hii nakwenda."

Nyumba ilikuwa ndogo, ndivyo tulivyoelezwa baadaye, kwa hiyo walichukua wasiofika tu. Waliofika walihesabiwa kuwa wanaweza kujilisha kwa pareto. Kama mtu angetuambia mapema, hakuna mtoto ambaye angefika siku ile.

Nilimkimbilia karani. "Sifiki, baba! Angalia, sifiki!" Nikauinua mkono nikauacha ulale utosini. Alicheka, wala si kwa ubaya. "Sasa mkono imekuwa fupi? Wacha mchezo, msichana. Enda kwa nyapara." Jirani naye akamsihi memsahibu, "Hawa ni mtu na ndugu yake, memsahibu. Mama yao alisema wasiachane." Memsahibu akatikisa kichwa kwa huruma, akasema nafasi hakuna. Naamini ilikuwa huruma ya kweli. Mpaka leo sijamsamehe.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kupandishwa lori pamoja na wengine, mkononi amepewa kipande cha mkate. Kutoka juu kule alikuwa ameona yote. Aliona kwamba waliogusa sikio ndio waliobaki. Akautupa mkate, akapitisha mkono juu ya kichwa, akainamisha shingo, akausukuma mkono kwa ule mwingine, huku akiniangalia. Lori likawashwa. Aliendelea kujaribu mpaka vumbi likamfunika.

Mama alirudi baada ya miaka, amekonda, meno ya mbele hana. Tulikwenda naye Nakuru. Ile nyumba ilikuwa imegeuzwa ghala la mbegu. Watoto walikuwa wametawanywa huku na huku, na asiyeweza kutaja jina la baba yake alipewa jingine. Hakuna aliyejua wetu alipewa lipi. Tuliuliza mpaka watu wakaanza kutukwepa. Shule sikuingia, na gauni halikushonwa.

Tukirudi, mama aliketi kando ya barabara akaniambia nimweleze mdogo wangu alivyoondoka. Nikamweleza: foleni, mkate, lori, mkono. Alichuma majani ya nyasi moja moja.

"Alifika?" akaniuliza.

"Bado kidogo," nikamwambia.