Kufuli ya Mbithe

Mbithe hakuwa mwongo. Wanawake wa kanisa lake pale Dandora, Nairobi, wangeapa hivyo, na ndiyo maana alichokifanya mwaka wa 1984 kilimkwama kooni.

Alikuwa kibarua wa kupakia biskuti katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Nyumbani alikuwa na mama yake, Nthoki, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Nthoki alikuwa akitoka kutafuta mbuzi waliouzwa Machakos miaka ishirini nyuma. Siku moja aliokotwa kule jaani, miguu ikivuja damu. Kesho yake Mbithe akanunua kufuli.

Kisha ukaja mpango. Nesi wa zahanati, Sista Jecinta, alikubaliana na akina mama wa kanisa: yeye angepita kila Jumanne kumwona mgonjwa, wao wangekaa naye kwa zamu siku tatu za wiki, na yote yangeandikwa katika daftari moja linaloachwa pale nyumbani, ili huyu ajue alichofanya yule. Siku hizo Mbithe alifanya kazi roho ikiwa imetulia. Siku nyingine alifunga mlango kwa kufuli. Hakumwambia mtu. Utaanzaje kusema unamfungia aliyekuzaa?

Baada ya miezi sita akaja Bwana Gachanja, mtafiti aliyetumwa na zahanati, na karatasi za maswali, kupima kama mpango unasaidia wagonjwa na wanaowatunza. Mbithe alimpokea anavyopokewa mgeni. Alimwogesha mama, akamvika gauni la Jumapili, akakaanga mandazi, na ile kufuli akaifukia kwenye debe la unga.

"Mama anaendelea aje?"

"Tunashukuru Mungu."

"Anakusumbua usiku?"

"Hapana. Ako tu sawa."

"Kuna siku anabaki peke yake?"

Mbithe alimwongezea chai. "Hakuna. Watu wako."

Ndivyo tulivyolelewa, mgeni humpi chai pamoja na shida zako. Naye Gachanja alikuwa mtu wa kuandika anachoambiwa, hasa akiwa na mandazi mdomoni.

Jumamosi moja wote wakaitwa kanisani kusikia matokeo. Gachanja alisoma kwamba familia nyingi zimelemewa, lakini nyumba ya Mbithe imesimama imara, kwa hivyo zamu zake zitahamishiwa mtaa wa Mowlem, kwa mzee Irungu, ambaye mkewe amechoka kabisa kumtunza. Akina mama wakapiga makofi. Wote walikuwepo, hata mwenye zamu ya siku hiyo, kwa sababu Mbithe alimwambia aje tu, mama atakaa na jirani.

Hakukuwa na jirani. Mbithe alitamani ardhi immeze. Alipiga hesabu ya wiki zinazokuja, kila siku kufuli, akasimama na kuweka ufunguo mezani mbele ya Gachanja.

"Mama ako ndani," alisema. "Nimemfungia. Siku hamjakuja, huwa namfungia."

Hakuna aliyemtazama usoni. Jecinta aliuchukua ule ufunguo, akamshika mkono, wakatoka.

Walipofika mlangoni, Jecinta alimrudishia ufunguo afungue mwenyewe. Ndani, Nthoki alisikia nyayo. Akabisha taratibu, kama mtu mwenye adabu aliyefika kwa watu.

"Hodi," alisema. "Hodi hapa, wenyewe."

Mbithe alitaka kumwambia karibu, lakini kwanza akaifungua ile kufuli.