Upupu Nyuma ya Dirisha la Mama

Sisi wa umri wangu tuliokulia Kisangani tulijua upupu kabla hatujajua alifu na be. Ulitanda popote pale ambapo mtu aliacha ardhi bila jembe. Ulipanda miti, ukafunika nyua, ukatoa vishada vya maua ya zambarau, na baada ya maua yakaja maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, laini kwa macho kama mgongo wa kifaranga. Mtoto akiyagusa mara moja, hahitaji kufundishwa tena. Mimi niliyagusa nikiwa na miaka minne, nikakimbia uchi kuzunguka lupango letu, kiwanja chetu chote, na wazee wenzangu wachache waliobaki hunikumbusha habari hiyo kwenye kila harusi. Nawasamehe. Mtu wa kukukumbusha utoto wako ni neema.

Asubuhi tulikwenda chuoni na mbao zetu, tukaandika kwa wino wa masizi, tukazifuta kwa maji na kuandika tena. Tukirudi tulicheza nzango pekupeku, miguu ikipigana hewani hadi vumbi linafika kwenye nyusi, kisha tukala ndizi za makemba za kuchoma na samaki wa liboke waliopikwa majanini, majani yake bado yakitoa mvuke. Wajukuu wangu wakisikia hivyo huuliza, "Na mulikuwa muna-charger wapi?" Nawaambia tulichajiwa kwa fimbo ya mwalimu, na moto haukuisha wiki nzima.

Lakini leo nataka kusema habari za upupu mmoja tu, ule uliokuwa nyuma ya dirisha la mama yangu.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama uzio wa nyuma, na uzio huo ulikuwa umefunikwa na upupu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mwaka uliotangulia, maganda yalipokauka, upepo uliingiza manyoya yake chumbani, kwenye shuka na kwenye chandarua. Papa akachukua mbao akalipigilia misumari lile dirisha. Mtoto aliyenifuata mimi alizaliwa katika chumba hicho kilichofungwa, wakati wa joto, na hakufika arobaini yake. Ilikuwa homa, na ajali ya mtu iko kwa Mungu. Lakini Mama aliligeuza neno hilo moyoni mwake mwaka mzima, na sasa, tumbo likiwa mbele yake, alimwambia Papa mbele yetu sote, "Huyu sitamuzaa mu giza. Ama upupu inatoka, ama mimi ninatoka."

Papa yangu, Ramazani, alikuwa fundi cherahani, mtu mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa uamuzi. Akasema, "Bon. Kesho ninaichoma. Kazi ya saa moja."

Bibi Zaituni, mama yake Papa, alikuwa anachambua mchele barazani. Hakuinua uso. "Ramazani, upupu hapana kuchoma. Ngoja mvua."

"Mama, mvua gani? Tunaingia kiangazi. Maganda inakauka, na mutoto haiko anangoja mutu."

"Alors, ngoja tu."

Hapa lazima niseme kwa wasomaji waliokulia penye saruji: kwetu kila kitu kilisafishwa kwa moto. Shamba la mihogo lilichomwa, njia ya msituni ilichomwa, hata takataka za harusi zilichomwa. Kwa hiyo Papa hakuwa mpumbavu. Alifanya kama walivyofanya wanaume wote. Kesho yake, Bibi alipokwenda sokoni, alikusanya majani makavu chini ya uzio na kuwasha.

Moto haukuwaka vizuri, kwa sababu upupu ulikuwa bado na maji mengi. Ulitoa moshi tu. Lakini upande wa jua maganda kadhaa yalikuwa yamekwisha kukauka, na hewa ya moto ikayarusha manyoya yake juu, yakapanda na moshi, yakashuka polepole juu ya mtaa mzima kama baraka iliyokosea njia. Jirani yetu Tonton Alphonse, muuza samaki kutoka Yanonge, alitokea mlangoni kwetu kifua wazi, akijikuna kwa mikono miwili.

"Ramazani, nini boye, kwa nini hivi? Nimeoga mara mbili, ngozi bado inaimba! Unachoma upupu ama unachoma sisi?"

Kuku walijikuna. Mbuzi wa Tonton Alphonse alijisugua ukutani hadi chokaa ikatoka. Kwenye swala ya alasiri, baba zetu walisimama safuni wakipindisha mabega, na imamu akasoma sura fupi kuliko zote anazozijua. Tungecheka sana sisi watoto, na kwa kweli tulicheka, hadi tulipomsikia Papa akipiga kelele uani. Manyoya yalikuwa yamemwingia machoni.

Bibi alirudi, akamkuta mwanawe amekaa chini kama mtoto. Hakumwambia, "Nilikuambia." Alimlaza kichwa mapajani mwake, akamwaga maji safi machoni, ndoo baada ya ndoo, akimkataza kusugua. Macho yalivimba hadi yakafunga. Fundi cherahani aliyeweza kutunga uzi kwenye sindano akiwa anaongea na mteja, sasa aliongozwa na mimi hadi chooni.

Na upupu ulibaki pale pale, umeungua kidogo pembeni, maganda yake yakiendelea kukauka.

Ndipo tukaanza kungoja. Kila alfajiri baada ya swala, Bibi alitoka na fimbo ndefu, akageuza ganda moja kwa ncha yake na kutazama rangi. Kijani. Kijani chenye njano. Njano. Nilimfuata kwa mbali. Mkunga alikuja, akapapasa tumbo la Mama, akasema siku si nyingi. Mama alilitazama dirisha lililopigiliwa mbao. Papa alilala na kitambaa cha maji machoni, na kila asubuhi aliuliza, "Mama, iko rangi gani?" Bibi alimjibu ukweli. Kisha alikaa na tasbihi yake. Nilimuuliza kama hana hofu. Akasema, "Hofu ninayo. Lakini mvua haiko ya kwangu."

Mvua ilikuja siku ya kumi na moja, asubuhi, kutoka upande wa mto. Tuliisikia kwanza juu ya mabati ya majirani, kisha juu ya yetu. Bibi aliinuka kana kwamba ameitwa jina. Alingoja mpaka upupu umelowa kabisa, manyoya yote yamelala na kushikana, kwa maana upupu uliolowa hauruki. Akajipaka mafuta ya mawese mikononi, na juu yake tope zito, hadi mabegani. Kisha aliingia chumbani, akatoka amevaa kikwembe, kitenge chake cha harusi.

Nilishangaa. Ilikuwa desturi, na kila mtu aliijua: nguo iliyoondoa upupu hairudi nyumbani, inazikwa nao. Ndiyo maana watu walivaa matambara kwa kazi ile. Bibi alikuwa na vikwembe vitatu tu, na hicho babu yangu marehemu alikuwa amemletea kwa mashua kutoka mbali. Nikamwambia, "Bibi, umekosea nguo."

Akanitazama, tope likimtiririka. "Aziza, kazi hii ninafanyia mugeni ambaye Mungu anatuma. Nimuendee na matambara?"

Sijawahi kuona kazi kama ile, wala sitaona. Hakuvuta wala hakupiga panga ovyo. Alipiga magoti, akafuata shina kwa vidole hadi penye mzizi, unene wa kifundo cha mkono, akakata hapo. Kisha na fimbo mbili zenye panda akaanza kuukunja ule uzio mzima wa majani, taratibu, kama mtu anayekunja mkeka msikitini. Mvua ilimpiga mgongoni. Tonton Alphonse, ambaye bado alikuwa na mabaka ya kujikuna, alikuja bila kuitwa akachimba shimo. Wakausukuma upupu ndani. Bibi akajifunika kwa shuka niliyomletea, akavua kikwembe, akakiweka juu ya upupu kwa mikono miwili, polepole. Udongo ukafuata.

Papa alisikia yote kutoka kitandani. Alipoambiwa ni nguo gani iliyozikwa, aligeukia ukutani.

Siku mbili baadaye, macho yake yakiwa mekundu lakini yanaona, aling'oa misumari ya dirisha mwenyewe. Nakumbuka mwanga ulivyoanguka juu ya kitanda cha Mama, na harufu ya udongo uliolowa, na jinsi Mama alivyofumba macho akavuta pumzi. Saidi, mdogo wangu, alizaliwa wiki hiyo dirisha likiwa wazi. Kitu cha kwanza Papa alichoshona alipoweza kutunga sindano kilikuwa gauni la Bibi, la kitambaa cha kijani alichokuwa amejiwekea kwa sikukuu ya Idi. Kipande kilichobaki kikawa shati la Saidi, dogo kama kiganja.

Na pale palipokuwa na upupu, ardhi ilikuwa nyeusi, laini, inanukia. Ile adha yetu ya miaka yote ilikuwa inailisha ardhi tusijue. Mama alipanda lenga-lenga, mboga za mchicha, zikafika kifuani kwangu. Tulizila msimu mzima, na Bibi kila akiosha majani alitikisa kichwa kwa mshangao akasema, "Angalia Mungu. Angalia tu." Kwa miaka mitatu, kila baada ya mvua, tuliinama kung'oa miche midogo kabla haijapata nguvu, kwa sababu mbegu ya upupu inajua kungoja kuliko mtu.

Papa, Mama na Bibi wamekwisha kutangulia, Mungu awarehemu. Saidi ana ndevu nyeupe. Mimi bado nakaa katika nyumba ile, na mwezi huu upupu umerudi kwenye uzio wa nyuma. Katika chumba kile sasa analala mjukuu wangu Idi na mkewe, ambaye ana mimba ya miezi minane.

Idi ni kijana mzuri, lakini ni wa enzi hizi. Alinionyesha simu. "Bibi, kuna dawa ya pompe sokoni, ya kupulizia majani. Dakika tano, fini." Nikamuuliza, na lenga-lenga? Na vyura? Na mtoto atakayevuta hewa hiyo dirishani? Akakuna kichwa. Ni haki yake. Enzi zetu tulingoja mvua kwa sababu hatukuwa na kingine cha kufanya, na kumbe kungoja huko ndiko kulikokuwa shule. Wao wana dakika tano za kila kitu, na sijui ni nani atakayewafundisha siku ya kumi na moja. Hata hivyo alikubali, na alichimba shimo yeye mwenyewe. Akaniletea jezi yake ya mpira. "Vaa hii, Bibi. Niko na zingine nyingi. Tutazika hii."

Nilimshukuru. Leo mawingu yamekusanyika upande wa mto. Nimefungua sanduku, nimetoa gauni la kijani ambalo Papa alimshonea Bibi, nami nikalirithi. Nimelikung'uta, nimelivaa. Linanitosha.

Idi amenikuta uani najipaka mawese mikononi. "Bibi," amesema kwa sauti ndogo, "umekosea nguo."