Utepe Tuliomnyima Mwanzilishi

Chama chetu cha Rozari hapa Woolwich kina historia yake, na historia hiyo niliiandika mimi. Kanisa lilikuwa linaandaa kijitabu cha jubilei, padri akataka kila chama kilete ukurasa mmoja, na mwenyekiti wetu akanitwika kazi hiyo kwa kuwa mimi ndiye katibu. Nikakubali, nikijua fika kwamba mtu pekee aliyejua tulikotoka ni yule mama mwanzilishi tuliyekuwa tumemfuta.

Kumfuta kwenyewe ni kazi ya mkono wangu. Wasichana walikuwa wanakuja Pasaka tu, wanavaa utepe wetu wa buluu, wanapiga picha, hao wanaondoka. Nikapendekeza kanuni: anayekosa sala ya Jumamosi mara tatu mfululizo bila barua si mwanachama tena, na asiye mwanachama akifa havikwi utepe wala haimbiwi na chama. Watu wakapiga makofi. Wasichana wakaandika barua, tena nzuri kweli. Aliyenaswa ni yule mama mwanzilishi. Figo zilikuwa zimemwisha, na hospitali ilimpangia kusafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila wiki alituma salamu kwa mdomo. Kanuni inasema barua. Nikapiga mstari juu ya jina lake na wala sikuona haya.

Sasa, kwa ajili ya ule ukurasa, nikaenda kwake Jumatano. Akanipa chai ya tangawizi, akanisimulia bila kinyongo, jambo lililoniudhi kuliko kama angenitukana. Alipofika hapa aliomba nafasi ya kusali rozari kwa Kiswahili baada ya Misa, na padri wa wakati ule akasema atafikiria. Basi akajitolea kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Mwaka mzima, akitoka shifti ya kuwahudumia wazee, anapitia kanisani na kikapu chake. Mwaka ulipokwisha padri akampa altare ya pembeni na nusu saa. Walianza wanawake wanne. Tepe za kwanza alizishona mwenyewe kwa pazia la sebuleni kwake.

Nilipofunga daftari akanishika mkono.

"Mwanangu, utepe mtanivika?"

"Tutakuvika, mama," nikasema. Ningesema nini?

Suala nikalipeleka mkutanoni. Mwenyekiti, ambaye mama huyo ndiye aliyempokea uwanja wa ndege na kumlaza kwake miezi mitatu, akasema tukimlegezea mmoja tumewalegezea wote. Asante ya punda ni mateke, mimi nimeyaona kwa macho yangu. Kisha akanigeukia.

"Katibu, kanuni hii si yako?"

Wote wakanitazama. Nikafyata mkia. Nikasema ndiyo, kanuni ni kanuni. Na mama sikumwambia. Akinipigia simu nilijitia hamnazo, namuuliza habari za miguu na za baridi, naye kwa heshima yake hakuuliza tena.

Alifariki kabla kijitabu hakijatoka. Siku ya mazishi tulikaa mabenchi ya nyuma kama wageni, tepe zetu zikiwa mikobani. Kabla Misa haijaanza, binti yake, aliyezaliwa hapa hapa London na asiyejua lolote kuhusu kanuni zetu, alinifuata akaniuliza kwa Kiingereza wako wapi akina mama wa kuimba. Nikamwambia ratiba zimeingiliana. Halafu akasema mama yake alimwambia kuna mtu ameandika habari zake, basi nisome angalau hizo.

Nikasoma. Niliandika vizuri, sitajidai sikuandika vizuri: pasi, kikapu, pazia, wanawake wanne, yote yalikuwamo. Kanisa zima lililia. Mwenyekiti alilia kwa sauti mpaka akashikwa mabega, na nilimchukia pale pale, ingawa mwenye dhambi kubwa zaidi alikuwa ameshika karatasi.

Niliposhuka, binti alikuwa amesimama kwenye njia katikati ya mabenchi. Yeye hakuwa analia. Safari hii hakutumia Kiingereza, alitumia Kiswahili cha mama yake, polepole, ili wa nyuma nao wasikie.

"Kumbe mlikuwa mnajua yote haya," akasema.